Ujenzi wa Silia Zinazosogea: Jeni, Hatua za Ujenzi na Chanzo cha Kikohozi Kisichokoma

Utangulizi

Mtoto huzaliwa baada ya miezi tisa kamili, akiwa na uzito wa kutosha, na hulia vema. Saa kadhaa baadaye huanza kupumua kwa taabu, akawekewa oksijeni kwa siku chache bila sababu kujulikana. Anaporuhusiwa kwenda nyumbani pua yake imeziba, na tangu siku hiyo kamasi hazikauki, si masika wala kiangazi. Kikohozi chenye makohozi hufuata katika miezi ya mwanzo. Masikio hutoa usaha mara kwa mara. Kabla ya kufikisha miaka saba huenda ameshatibiwa nimonia mara nyingi, na pengine amemaliza dozi ya kifua kikuu ya miezi sita ingawa vipimo havikuonyesha vimelea. Kikohozi kiko palepale.

Watoto wengi wenye historia ya kukohoa kwa muda mrefu katika Afrika Mashariki wana maradhi yanayofahamika: kifua kikuu, pumu, au madhara ya VVU katika mapafu. Wachache, hata hivyo, wana kasoro ya kurithi katika silia, yaani vijinywele vidogo mno vinavyofagia njia za hewa. Ugonjwa huo huitwa diskinesia ya asili ya silia. Hadi sasa zimetambuliwa jeni zaidi ya 50 ambazo kasoro katika moja yake yaweza kuuleta.

Hapo huzuka maswali mawili. Inawezekanaje ugonjwa mmoja uwe na vyanzo zaidi ya 50? Na kwa nini wagonjwa wawili wa ugonjwa huohuo hutofautiana, mmoja akiwa na moyo upande wa kulia na mwingine kushoto, mmoja akikosa mtoto na mwingine akajaliwa? Majibu yote mawili yamo katika namna seli inavyoijenga silia. Makala hii inaufuata ujenzi huo hatua kwa hatua, kisha inaonyesha jinsi ufahamu wake unavyomsaidia mtoa huduma anayekutana na mtoto wa namna hii.

Umbo la silia

Silia ya njia ya hewa ina urefu wa takriban mikromita 6 hadi 7, nayo mikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Seli moja hubeba silia 200 hadi 300, na kila silia hupiga takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mwendo wake hufanana na wa kasia: huenda mbele ikiwa imenyooka ili kusukuma, kisha hurudi nyuma ikiwa imejikunja ili isirudishe kilichosukumwa. Silia za seli jirani hazipigi kwa wakati mmoja, bali hufuatana kidogo kidogo, kama shamba la mpunga linavyoinama upepo unapolipitia. Wimbi hilo hupeleka ute uliobeba vumbi na vimelea hadi kooni, ambako humezwa au kukoholewa.

Silia za aina hii hupatikana pia katika sainasi, sikio la kati, vyumba vya maji vya ubongo na mirija ya uzazi ya mwanamke. Mkia wa mbegu ya kiume, uitwao flagela, ni wa ukoo huohuo, ila ni mrefu zaidi, takriban mikromita 50.

Silia ikikatwa kwa upana na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, huonekana jozi tisa za mirija midogo, iitwayo mikrotubuli, zikiwa zimepangwa kwa duara, na mirija miwili zaidi katikati. Mpangilio huo hujulikana kama 9+2. Kila jozi ya pembeni ina safu mbili za mikono midogo, ya nje na ya ndani. Mikono hiyo ni mota zilizotengenezwa kwa protini iitwayo dainini. Dainini hutumia nishati ya ATP kushika jozi ya jirani na kuivuta. Kwa kuwa jozi zimefungwa pamoja na haziwezi kuteleza moja kwa moja, mvuto huo hugeuka kuwa mpindo. Kutoka kila jozi hutokea pia mwiba unaoelekea kwenye mirija ya katikati, mfano wa njiti za gurudumu la baiskeli. Mirija ya kati na njiti hizo huratibu mota zipi zivute na zipi zipumzike.

Hatua za ujenzi

Hatua ya kwanza ni amri. Chembe zote za mwili zina jeni zilezile, lakini si kila seli hujenga silia za kufagia. Katika seli zilizochaguliwa, jeni kama GMNC na MCIDAS huanzisha safari ya kuwa seli yenye silia nyingi. Baada yake FOXJ1 hutengeneza protini inayowasha mamia ya jeni nyingine zinazohusu mwendo. FOXJ1 ni kama msimamizi wa ujenzi: hashiki tofali, lakini asipofika, mafundi hawaanzi kazi.

Hatua ya pili ni msingi. Kila silia huota juu ya kitako kinachotokana na sentrioli. Seli ya kawaida ina sentrioli mbili tu. Inayotaka silia 300 lazima itengeneze mamia. Jeni iitwayo CCNO huhitajika katika kazi hiyo. Kasoro katika CCNO au MCIDAS humwacha mgonjwa na silia chache mno, hata sampuli ya seli za pua yaweza kudhaniwa kuwa ilichukuliwa vibaya.

Hatua ya tatu ni usafirishaji. Ndani ya silia hakuna ribosomu, kwa hiyo hakuna protini inayotengenezwa humo, na ujenzi hufanyika kwenye ncha. Vifaa vyote hutoka ndani ya seli, hupakiwa juu ya misafara ya protini na kusukumwa na mota iitwayo kinesini hadi nchani. Mota nyingine, ya jamii ya dainini, huirudisha misafara hiyo chini. Usafirishaji huu hutumiwa na karibu kila aina ya silia mwilini, zikiwemo zile zisizosogea ambazo hupokea taarifa katika figo, macho na mifupa. Ndiyo sababu kasoro zake mara nyingi huleta maradhi ya figo, upofu au ulemavu wa mifupa, na si ya kifua pekee.

Hatua ya nne ni karakana ya mota. Mkono mmoja wa dainini umeundwa na protini nyingi, baadhi zikiwa miongoni mwa kubwa zaidi mwilini. Mikono haiunganishwi ndani ya silia. Huunganishwa kwanza katika saitoplazimu, kisha husafirishwa ikiwa imekamilika. Kazi hiyo husimamiwa na kundi la protini ambazo zenyewe haziingii kuwa sehemu ya silia. Majina ya jeni zake huanza na DNAAF. Jeni ya kundi hili ikiharibika, silia huota kwa urefu wake kamili lakini hukosa mikono ya nje na ya ndani kwa pamoja. Ni sawa na jahazi zuri lililoshushwa majini bila tanga wala makasia.

Hatua ya tano ni ufungaji. Mota zilizofika lazima zifungwe mahali pake kwa vipimo. Mikono ya nje hujirudia kila baada ya nanomita 24, na mpangilio wa mikono ya ndani na njiti hujirudia kila baada ya nanomita 96. Protini za jeni CCDC39 na CCDC40 hulala juu ya mikrotubuli kama rula na kuweka kipimo hicho cha 96. Rula hiyo ikikosekana, mikono ya ndani hupotea na mirija yenyewe huvurugika. Wagonjwa wenye kasoro katika jeni hizi mbili mara nyingi huwa na mapafu yaliyodhurika zaidi kuliko wenzao.

Kwa hatua hizi jibu la swali la kwanza linapatikana. Jeni zaidi ya 50 huleta ugonjwa mmoja kwa sababu kazi ya kufagia ni moja, lakini mafundi ni wengi, na kukosekana kwa fundi yeyote katika hatua yoyote kwaweza kusimamisha ufagio.

Somo kutoka kwa mwani

Sehemu kubwa ya maarifa haya haikutoka hospitalini, bali kwa mwani wa seli moja uitwao Chlamydomonas, unaoishi katika udongo na maji baridi na kuogelea kwa flagela mbili. Mwani huu ukikatwa flagela zake, huziotesha upya kwa muda wa saa mbili hivi. Ukikatwa moja tu, iliyobaki hufupika wakati iliyokatwa ikikua, kisha zote mbili hurefuka pamoja, ishara kwamba zinagawana vifaa kutoka ghala moja. Mwaka 1993 watafiti wa maabara ya Joel Rosenbaum nchini Marekani waliona kwa macho, katika flagela za mwani huu, chembechembe zikipanda na kushuka. Huo ndio usafirishaji ulioelezwa katika hatua ya tatu.

Upande wa tiba, daktari Manes Kartagener wa Zürich alieleza mwaka 1933 wagonjwa waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: sainasi zenye uvimbe wa kudumu, mirija ya mapafu iliyotanuka, na viungo vya ndani vilivyogeuka pande. Sababu ya mambo hayo kuandamana haikujulikana kwa miongo minne. Mwaka 1976 mtafiti Björn Afzelius wa Sweden alionyesha kuwa wanaume wenye hali hiyo walikosa mikono ya dainini katika mikia ya mbegu zao na katika silia zao. Kasoro moja ya mota ilieleza kifua, pua na utasa. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa waliichukua jeni ya dainini iliyokwisha kufahamika katika Chlamydomonas, wakatafuta inayofanana nayo kwa binadamu, wakaipata: DNAI1, jeni ya kwanza ya ugonjwa huu kutambuliwa.

Kushoto na kulia

Afzelius alipendekeza kuwa silia za kiinitete ndizo zinazoamua moyo ukae upande gani. Mwaka 1998 kundi la Nobutaka Hirokawa nchini Japani lilithibitisha wazo hilo kwa panya. Mapema katika ukuaji, kiinitete kina kishimo kidogo chenye seli ambazo kila moja ina silia moja. Silia hizo huzunguka kama pia na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Mkondo huo huwasha jeni za upande wa kushoto, na viungo hupangika kwa kuufuata.

Silia hizi zikishindwa kuzunguka, hakuna mkondo, na upande wa moyo huamuliwa kwa bahati, kama shilingi iliyorushwa juu. Ndiyo maana karibu nusu tu ya wagonjwa wa diskinesia ya asili ya silia wana viungo vilivyogeuka. Hata mapacha wa yai moja, wenye kasoro ileile, wameonekana mmoja akiwa na moyo kushoto na mwingine kulia. Wengine hupata mpangilio uliochanganyika, wenye hatari ya kasoro za moyo.

Kusoma hatua iliyoharibika kutokana na mgonjwa

Jibu la swali la pili liko hapa. Silia za kishimo cha kiinitete hazina mirija miwili ya katikati. Umbo lake ni 9+0. Kwa hiyo kasoro katika jeni za njiti, kama RSPH4A na RSPH9, au katika HYDIN inayohusu mirija ya kati, huharibu kifua bila kugeuza moyo. Vivyo hivyo kwa CCNO na MCIDAS: zinahusu seli zenye silia nyingi, ilhali seli za kishimo huhitaji silia moja tu. Kasoro za mikono ya nje, kama katika DNAH5 au DNAI1, na zile za kundi la DNAAF, huathiri kishimo pia, na nusu ya wagonjwa hugeuka viungo.

Uzazi hufuata mantiki hiyohiyo. Flagela ya mbegu ya kiume hushirikiana na silia katika jeni nyingi, lakini ina baadhi ya mota zake yenyewe. Katika mkono wa nje, mahali pa DNAH5 ya njia ya hewa, mbegu hutumia nyingine, DNAH8. Hivyo yupo mwanaume mwenye kifua kibovu na mbegu zinazoogelea, na yupo mwenye kifua kizima ambaye mbegu zake hazisogei. Mbegu isiyosogea si lazima iwe imekufa. Ikiingizwa ndani ya yai katika maabara, mtoto aweza kupatikana. Kwa wanawake, baadhi hupata shida ya kushika mimba au mimba kutunga nje ya kizazi, lakini wengi huzaa.

Kasoro ya FOXJ1, ambayo huvuruga ngazi ya juu kabisa ya amri, yaweza kuongeza ugonjwa wa kichwa kikubwa, kwa sababu silia za vyumba vya ubongo nazo hukosa amri ya kujengwa.

Urithi katika familia

Jeni nyingi za ugonjwa huu hurithiwa kwa njia inayohitaji nakala mbili zenye kasoro, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wenyewe ni wazima. Katika kila mimba, uwezekano wa kumpata mtoto mgonjwa ni asilimia 25, na uwezekano huo haupungui kwa sababu mtoto aliyetangulia alikuwa mgonjwa. Wazazi wenye damu moja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro ileile. FOXJ1 ni tofauti, kwani nakala moja yenye kasoro yatosha. Na DNAAF6 iko kwenye kromosomu X, hivyo hudhihirika zaidi kwa wavulana.

Maelezo haya yana uzito katika jamii ambamo mama hulaumiwa kwa maradhi ya mtoto, au moyo ulio kulia huhusishwa na uchawi. Hakuna jambo ambalo mama alikula, alifanya au alitendewa akiwa mjamzito lililoleta hali hii. Katika familia nyingi wazazi wote wawili wamechangia sawa, bila kujua.

Huduma katika mazingira ya Afrika Mashariki

Uchambuzi wa hifadhidata za jeni uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa ugonjwa huu humpata angalau mtu 1 kati ya 7,500 hivi duniani, na makadirio kwa wenye asili ya Afrika hayakuwa chini ya yale ya wenye asili ya Ulaya. Kutoonekana kwake si ushahidi kwamba haupo.

Dalili nne humtofautisha mtoto wa kuchunguzwa zaidi: kupumua kwa shida bila sababu baada ya kuzaliwa kwa wakati, kikohozi chenye makohozi cha kila siku kilichoanza kabla ya miezi sita, pua kuziba au kutoa kamasi kila siku tangu umri huohuo, na viungo vya ndani kugeuka pande. Kadiri dalili zinavyojumuika ndivyo shaka inavyokua. Swali moja kwa mama, la kutaka kujua kikohozi kilianza lini, lina thamani kubwa: kifua kikuu kina siku kilipoanza, ilhali mama wa mtoto huyu atasema amekohoa tangu alipozaliwa.

Moyo wa kulia unaweza kugunduliwa kwa kiganja na stetoskopu. Aidha, picha ya kifua yenye moyo kulia isichukuliwe haraka kuwa imewekwa kinyume. Alama ya upande ihakikiwe, na mgonjwa apimwe upya kwa mkono. Kifua kikuu na VVU vipimwe daima, kwani mtoto mwenye silia mbovu aweza kuvipata pia. Lakini dozi ya pili au ya tatu ya kifua kikuu isianzishwe bila ushahidi wa vimelea au sababu nyingine ya kutosha kabla ya kuuliza kuhusu silia.

Vipimo vya uthibitisho ni pamoja na kupima gesi ya nitriki oksidi puani, ambayo kwa wagonjwa wengi huwa chini sana, kutazama mwendo wa silia kwa video ya kasi, hadubini ya elektroni na uchunguzi wa jeni. Hakuna kimoja kinachojitosheleza. Takriban asilimia 30 ya wagonjwa, wakiwemo wenye kasoro ya DNAH11, wana silia ambazo kwa hadubini ya elektroni huonekana nzima. Tena, mabadiliko mengi ya jeni yanayopatikana Afrika bado hayamo katika orodha zilizotungwa kwa wagonjwa wa mabara mengine. Kwa hiyo majibu yasiyoonyesha kasoro hayaufuti ugonjwa.

Vipimo vikikosekana, huduma isikosekane. Ufagio uliosimama huhitaji mbadala, na mbadala huo ni mazoezi ya kila siku ya kuondoa makohozi, michezo ya kukimbia na kuruka, na kukohoa bila kuzuiwa. Dawa za kutuliza kikohozi hazifai, maana kikohozi ndicho njia pekee ya kusafisha iliyobaki. Maambukizi yatibiwe mapema kwa antibiotiki zinazofaa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, azithromaisini mara tatu kwa wiki kwa miezi sita ilipunguza vipindi vya kuzidiwa kwa takriban nusu. Chanjo zikamilishwe, usikivu upimwe ili mtoto asibaki nyuma darasani, na nyumba iepushwe moshi wa sigara na wa kuni. Majaribio ya kuwavutisha wagonjwa wenye kasoro ya DNAI1 maelekezo ya jeni hiyo kwa njia ya hewa yameanza, ingawa bado si tiba ya kuandikwa.

Hitimisho

Ugonjwa wenye sura nyingi huweza kuwa na mantiki moja. Anayeifahamu silia kama jengo, lenye amri, msingi, usafirishaji, karakana na ufungaji, hataona ajabu kwamba ndugu wawili wa kasoro moja wana mioyo katika pande tofauti, wala kwamba silia inayoonekana nzima haifanyi kazi. Ufahamu huo hauhitaji mashine kuanza kutumika. Huanza pale mtoa huduma wa zahanati anapomuuliza mama lini kikohozi kilianza, kisha akaweka kiganja upande wa kulia wa kifua cha mtoto.